Simu Mbili Kwenye Mizani ya Memeta

Anayetaka kuamini na aamini, na asiyetaka na akae asikilize tu, kusikiliza hakumtoi mtu jasho. Ipo nchi inaitwa Memeta. Haimo kwenye zile ramani zinazobandikwa madarasani, na wenyeji wake husema kwamba ramani ndizo zilizochelewa, wao wapo siku zote.

Huko ndiko alikokwenda Bi Somoe, msimu wa mihogo mipya, kumtazama binti yake Mafunda, aliyeolewa huko na aliyekuwa amekaribia kujifungua. Safari yenyewe haina la kusimulia. Alitoka kwake, akafika. Mkononi alikuwa na kikapu cha ukili, na ndani yake mchele wa kienyeji, tangawizi kavu, chupa ya mafuta ya nazi ya kumchulia mzazi, na vipande vya kanga kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika kama ngozi ya sikio, kwa ajili ya mtoto. Simu yake aliifutika kwenye kanga kiunoni. Ilikuwa simu janja ya bei poa, mgongo wa plastiki rangi ya majani makavu, jicho moja la kupigia picha, na kwenye pembe ya kioo mkwaruzo mwembamba uliotokea siku ilipoangukia jiwe la kusagia. Chaji ilishika tangu asubuhi ya leo mpaka jioni ya kesho. Mlio wake ulikuwa wa jogoo, aliwekewa na wajukuu, na ilipolia, jirani wa nyumba ya pili alijua kwamba Bi Somoe anaitwa.

Pale kwenye lango la Memeta alimkuta ofisa, kijana ambaye ndevu bado zilikuwa zinafikiria kama zitoke. Jina lake Ngwali. Shati lake lilikuwa na kiraka kwapani, lakini shingoni, kwa mnyororo wa rangi ya dhahabu, alining'iniza kisanduku cha kioo, na ndani ya kisanduku mlikuwa na simu. Mgongo wa simu ulitazama nje, uso wake ulilala kifuani pa kijana.

"Simu," akasema Ngwali.

"Waalaikum salaam," akajibu Bi Somoe, maana alidhani kijana kasahau pa kuanzia.

Ngwali akaipokea simu, akaigeuza, akaitazama mgongo kwa muda kama daktari anayetazama jipu. "Jicho moja," akasema. "Haya, bibi. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo yako?"

"Mimi nina macho manne. Wewe lako moja. Mwenye machache humwamkia mwenye mengi."

Bi Somoe akamtazama. Akamwona mtoto wa rika la kitinda mimba wake, na shati linahitaji sindano. "Mwanangu, kwani wewe una umri gani?"

"Umri hauingii hapa, bibi. Na nyuma yako kuna foleni."

Kweli ilikuwepo foleni. Mzee mmoja wa kikongojo akamnong'oneza, "Mwamkie tu, dada yangu, twende zetu. Mimi jana nimemwamkia mjukuu wangu." Bi Somoe akasema shikamoo, kwa sauti ile mtu anayomjibia mtoto anayecheza baba-na-mama. Ngwali akaitikia marahaba kwa uzito wote, akampigia muhuri.

Memeta ni nchi safi, na watu wake si wabaya. Hilo lazima lisemwe. Kila mtu mzima hutembea na simu ya heshima shingoni, macho ya simu nje, uso ndani, na simu hiyo huvaa nguo tatu: kwanza protekta, juu yake kava ya ngozi, juu yake kisanduku. Watoto wengi Bi Somoe aliwaona pekupeku. Kila alasiri umeme huanza kwa simu, na ukibaki ndipo huenda kwenye majiko na mashine za kusagia. Siku nyingi haubaki, kwa hiyo chakula cha jioni cha Wamemeta ni kiporo, nao wamekizoea, wanakila polepole huku wakizungumza habari za Toleo.

Toleo ni sikukuu yao ya kila mwaka. Siku hiyo simu mpya huletwa, na wenye ile ya mwaka jana huhamia viti vya nyuma misikitini, makanisani na kwenye kumbi za harusi. Mwaka ule tofauti ya simu mpya ilikuwa kwenye pembe: ilisemekana imeviringika zaidi kidogo. Baraza liliteua wazee, likawafunga vitambaa machoni, likawapa simu ya zamani na mpya wapapase. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Ripoti ikatoka kwamba tofauti ni ya hali ya juu mno, mkono wa kawaida hauiwezi, na watu wakapanga foleni kununua.

Jambo jingine Bi Somoe alilichukulia kuwa ni ugonjwa. Aliona watu, wanaume kwa wanawake, wakiaga katikati ya mazungumzo, wakienda nyuma ya nyumba, wakiinama kama wanaojikuna kifundo cha mguu, kisha wakinong'ona peke yao ukutani. Alipofika kwa binti yake ndipo alipouliza.

"Wana nini hawa? Funza?"

Mafunda akacheka, mkono juu ya tumbo. "Hao wanaongea na simu, mama. Kwa simu ya heshima hapigiwi mtu. Ukiipigia, unaichosha. Na mlio wake huzimwa siku ile ile inaponunuliwa, nao huo unaichosha. Kila mtu ana nyingine ndogo, ya bei poa kama hiyo yako, kwenye soksi. Wanaiita simu ya soksi. Lakini usije ukaitaja mbele za watu."

"Na mumeo?"

"Mguu wa kushoto."

Mumewe, Mbaraka, alikuwa fundi seremala, mtaratibu, mikono yenye harufu ya mninga. Alimpokea mama mkwe wake kwa adabu zote, akambebea kikapu, akamtandikia kitanda cha kamba alichokifuma mwenyewe. Simu yake ya heshima ilikuwa na macho matano. Aliinunua kwa kuuza mashine ya randa na misumeno miwili, na tangu hapo aliranda kwa mkono.

"Mama usinielewe vibaya," alimwambia Bi Somoe walipokuwa wanakula kiporo. "Mimi mwenyewe najua. Lakini mtu akitaka kutengenezewa mlango huku, hatazami mlango. Anatazama hapa." Akajigusa kifuani. "Nikivaa macho mawili, nitatengeneza vigoda vya kukunia nazi maisha yangu yote."

Bi Somoe alikuwa anamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameacha kula.

Mafunda alikuwa na ujauzito wa pili. Wa kwanza ulikuwa hivi. Katika Memeta mwanamke hujifungulia Nyumba ya Wazazi, na jamaa hawakai pale. Zamani palikuwa na benchi la jamaa, likaondolewa ili pawe pazuri pa kupigia picha. Mama huingia peke yake, simu yake ya soksi huachwa mlangoni, na inaandikwa namba moja tu ya mtu wa kuitwa uchungu ukianza, aje kumshika mgongo na kusaidiana na mkunga. Sheria inataka namba hiyo iwe ya simu ya macho matatu kuendelea. Basi iliandikwa namba ya Mbaraka. Siku ile mkunga alikuwa peke yake na wazazi wawili wenye uchungu. Akampigia Mbaraka, akampigia tena, akampigia mchana kutwa. Mbaraka alikuwa karakanani, anapiga randa mlango wa watu, na simu ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, uso wake umelala kwenye shati lake. Mtoto alizaliwa mkunga akiwa chumba cha pili. Alipumua kidogo, hakukuwa na mikono ya kumchukua, akaacha.

"Nilimwita kila mtu, mama," Mafunda akasema, na hakulia. "Hata jina la mbuzi wetu nililiita. Safari hii usiniache."

Asubuhi yake Bi Somoe akaenda Nyumba ya Wazazi. Mkunga aliitwa Bi Tausi, mwanamke mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Bi Somoe akamwamkia sawa na mtu mzima mwenzake, akamwomba aifute namba ya Mbaraka aandike yake.

"Ina macho mangapi?"

"Moja."

Bi Tausi akavuta pumzi. "Dada, mimi ningeandika hata namba ya jogoo ikiwa jogoo ataitika. Lakini nikiandika ya jicho moja, nafukuzwa, na hapa atabaki nani? Nenda kwenye Mizani. Mizani wakikukubalia, naandika leo hii."

"Na siku zenyewe?"

"Binti yako? Hata kesho. Mlete alale hapa."

Wakampeleka Mafunda siku ile ile, naye simu yake ikabaki mlangoni kama ilivyo sheria. Bi Somoe akaenda kuomba kupimwa.

Mizani ya Memeta iko kwenye ukumbi wa sakafu ya marumaru. Yenyewe ni ya shaba, imening'inizwa kwenye boriti, na vitanga vyake viwili ni vipana kama sinia za pilau. Kesi zote za simu huamuliwa hapo. Simu hii huwekwa kitanga hiki, ile kile, watu wakasema yao, na mwisho karani hutazama. Zamani iliyoshuka ndiyo iliyoshinda, ila watu wakawa wanatia vyuma ndani ya kava. Ndipo Baraza likageuza, tena kwa kuwa wembamba ndiyo heshima, likaandika juu ya boriti kwa herufi kubwa: ILIYO JUU NDIYO ILIYOSHINDA. Na chini yake kwa herufi ndogo: asiguse mtu mpaka hukumu.

Kesi ya Bi Somoe ilijaza ukumbi. Simu yake iliwekwa kitanga cha kushoto. Kitanga cha kulia ikawekwa ile ya Mbaraka, maana namba yake ndiyo iliyopingwa. Waliivua kisanduku chake na kuilaza chali, uso juu, na wengi walinyanyuka kwenye viti, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu hawajaona uso wa simu ya heshima. Mizani ikayumba ikatulia. Ya Bi Somoe, yenye mgongo mnene, ilishuka mpaka karibu na sakafu. Ya Mbaraka ilipanda juu, nyembamba kama jani la mgomba.

"Kesi imekwisha!" akapiga kelele mtu wa nyuma.

"Bado maneno," akasema Mheshimiwa Kidawa, mkuu wa Mizani, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu, macho sita shingoni. "Hatumnyimi mgeni maneno. Wakili Sudi, anza."

Wakili Sudi alikuwa mwembamba, na alipoongea alitumia vidole vyote. "Simu hii iliyo juu," akasema, "ikiupiga picha mwezi, mashimo ya mwezi utayahesabu. Ikizama majini, inatoka salama. Inamtambua mwenyewe kwa sura yake, mwingine haimfungukii. Inaweza kukuandikia barua ya kuposa, ukaposa na ukakubaliwa. Hiyo iliyo chini inafanya nini?"

Watu wakavuma. Bi Somoe akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi sifa zake sizikatai," akasema. "Naomba kumuuliza mkwe wangu. Baba Mbaraka, mwezi umeshaupiga picha?"

Mbaraka alikuwa kiti cha mbele, shingo yake nyeupe pale mnyororo ulipokuwa ukikaa. "Bado, mama."

"Kwa nini?"

"Mwezi hutoka usiku. Usiku iko kwenye chaji."

Kicheko kikatoka pembeni, kikazimwa.

"Na majini umeitia?"

"Mungu apishe mbali! Hata manyunyu siipitishi."

"Na sura yako, inaitambua?"

Mbaraka akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Iliitambua siku ya kwanza. Siku hizi nadhani inalijua shati."

Ukumbi ukacheka, na Wakili Sudi akasubiri wamalize. "Vizuri, bibi mcheshi. Sasa tujibu. Hiyo yako inafanya nini?"

"Inalia."

"Inalia. Halafu?"

"Halafu naitika."

"Basi?"

"Nina binti mzazi kule Nyumba ya Wazazi. Sina haja na zaidi ya hiyo."

"Bibi wa jicho moja!" akatania mwanamke mmoja. "Hilo moja lenyewe linaona?"

"Linakuona wewe, mwanangu, na kiatu chako kimefumuka," akasema Bi Somoe.

Mheshimiwa Kidawa akagonga meza. "Bi Somoe, tusipotezeane muda. Hapa hatubishani kama simu ni ya kuitikia. Hilo hata watoto wanalijua. Tunabishana kama mtu anayeitika kwa kitu kama kile anastahili kuitwa."

Watu wakasema naam, naam, wengine wakaandika viganjani yale maneno yasiwapotee.

Ndipo ile simu ya juu ikawaka.

Haikutoa sauti. Uso wake wote uliwaka kijani na bluu, mwanga ukapiga boriti, ukapiga dari, ukawaangukia watu usoni. Ukumbi mzima ukasema "Ooo!" kwa pamoja.

"Tazameni!" akasema Wakili Sudi, mikono juu. "Hata kusifiwa inasikia!"

"Karani aandike," akasema Mheshimiwa Kidawa, "kwamba simu imejitetea yenyewe kwa kumemeta."

"Mheshimiwa," akasema Bi Somoe, "hiyo haimemeti. Hiyo inaita. Kuna mtu anapiga."

"Inamemeta, bibi. Ndiyo kazi yake."

Mwanga ukazimika. Watu wakapiga makofi. Ukawaka tena, makofi yakazidi, mtu mmoja akapiga na kigelegele.

"Mbaraka!" akaita Bi Somoe. "Baba, nyanyuka utazame ni nani!"

Mbaraka alinyanyuka nusu. Askari wa Mizani akamwekea mkono begani, akamwonyesha yale maandishi madogo. Mbaraka akaketi tena, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kifuani, pale kwenye shati, na ukabaki pale. Mwanga ukazimika, haukurudi.

Kulikuwa na kimya kidogo, kile cha watu walioshiba kitu kizuri. Ndani ya kimya kile akawika jogoo.

Aliwika kwa nguvu zake zote, chini kabisa, karibu na sakafu. Watu wa mbele walichungulia chini ya viti wakimtafuta kuku. Akawika mara ya pili, na hapo ukumbi mzima ukatambua kuwa ni simu, na ukumbi mzima ukainama kushika soksi. Wakili Sudi aliinama. Karani aliinama. Mheshimiwa Kidawa, kwa unene wake wote, aliinama mpaka kilemba kikagusa meza. Kisha kila mtu akakumbuka alipo, akajikuna kidogo kifundo cha mguu, akainuka akitazama dari.

Bi Somoe alikuwa ameshafika kwenye mizani.

"Usiguse!" akasema askari.

"Hukumu bado!" akasema Wakili Sudi.

Bi Somoe akainama, akaichukua simu yake kutoka kwenye kitanga, akaiweka sikioni. "Naam," akasema.

Kitanga cha kushoto kikaruka juu. Kile cha kulia, kilichokuwa hakina tena cha kukizuia, kikaporomoka na kugonga marumaru, na simu ya macho matano ikateleza, ikageuka hewani mara moja, ikaangukia uso.

Hakuna aliyemtazama tena yule bibi. Ukumbi wote ulikimbilia kwenye kioo, wengine wakilia kwa sauti. Bi Somoe alisikia pumzi za binti yake sikioni, pumzi fupi fupi, kisha sauti ya Bi Tausi nyuma yake: "Njoo sasa hivi. Mtoto amekaa vibaya." Akachukua kikapu chake, akatoka.

Karani peke yake ndiye aliyebaki mahali pake. Alikuwa mtu wa sheria, hakuwa na kingine maishani. Akaitazama simu moja, iko sakafuni. Akaitazama nyingine, iko sikioni mwa bibi anayetoka mlangoni, juu ya vichwa vya watu wote waliopiga magoti. Akainua macho kwenye boriti, akasoma yale maandishi, akayasoma tena.

"Mheshimiwa," akasema, "iliyo juu ni ya bibi."

"Usiwe mpumbavu."

"Si mimi, Mheshimiwa. Imeandikwa."

Mheshimiwa Kidawa akatazama boriti kwa muda mrefu. Kuifuta sheria kulihitaji kikao, na kikao kilihitaji simu, na simu zote nzuri zilikuwa zimeinamia sakafu. Akasema basi iandikwe.

Mbaraka alikuwa ameipata simu yake, ameigeuza. Kioo kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, lakini kilikuwa kinawaka, na kilimwonyesha simu alizokosa kuitika. Nyumba ya Wazazi. Nyumba ya Wazazi. Alikaa hapo, mtu mzima, anasoma maneno hayo. Majirani walimshika mabega wakimpa pole ya kioo. Akaiweka simu chini pale pale alipoikuta, akakimbia.

Pale Nyumba ya Wazazi Bi Tausi hakuuliza habari za macho. "Shika hapa," alimwambia Bi Somoe, naye akamshika Mafunda mgongo, akampaka mafuta ya nazi, akamwongelesha mambo ya nyumbani, habari za mbuzi aliyekula mkeka, za shangazi yake na meno yake mapya. Mtoto alitanguliza miguu. Ilikuwa kazi ya mikono minne na yote ilikuwepo. Alipotoka alikuwa wa kike, wa bluu, kimya. Bi Somoe akampokea kwenye zile kanga kuukuu, akamsugua mgongo, akamsugua nyayo, akamsugua tena, na Bi Tausi akamsafisha puani, na ukapita muda ambao hakuna aliyependa kuusimulia baadaye. Kisha mtoto akakunja uso kama mtu aliyeamshwa bila sababu, akalia.

Mbaraka aliingia kiatu kimoja kikiwa kimepotelea njiani. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imeshuka, na simu yake ya soksi ilionekana nusu nzima, hadharani. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Umesikia?" Mafunda akamwuliza.

"Nimemsikia tangu barabarani."

"Si yeye. Mimi."

Mbaraka akaushika mkono wa mkewe, na Mafunda akamwachia aushike.

Baadaye, alipokwisha kunywa uji wa tangawizi, Mafunda akamweleza mama yake. Bi Tausi alipiga namba iliyoandikwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akasimama anatazama ukuta. Kisha akapandisha mguu kwenye kigoda, akashusha soksi, akatoa simu yenye mgongo wa plastiki, akasema, "Nitajie namba ya mama yako, na usikosee." Naye akaitaja, tarakimu moja kila uchungu ulipopoa.

Bi Somoe alikaa Memeta mpaka kitovu cha mjukuu kilipodondoka na arubaini ikapita. Katika muda huo nchi ilibadilika. Hukumu ya Mizani ni sheria, na sheria ilikuwa imesema ya jicho moja imeshinda. Simu za bei poa zikaanza kutafutwa, zikapanda bei, zikawa hazishikiki. Wenye macho matano walibandika plasta kwenye manne. Zenye mkwaruzo kwenye pembe zilipendwa zaidi, na kukatokea mafundi wa kukwaruza. Watu wakazivisha protekta, kava na kisanduku, wakazizima mlio zisichoke, wakazivaa shingoni, jicho nje, uso ndani. Zile kubwa za zamani wakazitia kwenye soksi, nazo kwa upana wake zikazipasua, na biashara ya soksi ikashamiri.

"Sasa nazipigia hizo za jicho moja," Bi Tausi alimwambia Bi Somoe siku alipokwenda kumuaga. "Naita mpaka vidole vinaniuma. Nazo haziitiki."

"Na Mbaraka?"

"Yule? Yule anaitika kabla sijamaliza kubonyeza."

Ni kweli. Mbaraka hakuvaa kisanduku tena. Ile simu yake ya soksi aliitia mfuko wa mbele wa shati, uso nje, mlio umefunguliwa wote, mlio wa jogoo, aliomba awekewe. Wateja wawili wa milango walimkimbia. Wa tatu alimpigia, akaitika, na hivyo akapata kazi ya kabati. Usiku aliranda kwa mkono akimbembeleza mtoto kwa mguu.

Siku ya kuondoka Bi Somoe alifika langoni na kikapu kitupu, isipokuwa kitumbua alichofungiwa na binti yake. Ngwali alikuwa kazini. Juu ya kiraka cha kwapani kilikuwa kimeongezeka kingine. Shingoni, ndani ya kioo, alikuwa na simu mpya ya jicho moja.

"Simu," akasema, kwa mazoea.

Bi Somoe akaitoa kwenye kanga, akaishika kiganjani. Ngwali akaiona: mgongo wa plastiki rangi ya majani makavu, jicho moja, na mkwaruzo wenyewe, ule wa jiwe la kusagia, ambao mafundi wa mji mzima walikuwa wakijaribu kuuiga. Akavua kofia. Akainama chini sana, mpaka paji la uso likakaribia kiganja cha bibi.

"Shikamoo," akasema.

"Mwanangu," akasema Bi Somoe, "mimi niko huku juu."

Hakusikia, au alisikia akaona huko juu hakuhusiki. Jogoo akawika. Bi Somoe akaiweka simu sikioni, na huko mbali mtoto alikuwa analia na Mafunda anacheka, anasema, "Mama, umefika wapi? Huyu anakutaka." Bi Somoe akasema ndio kwanza anatoka langoni, akaulizia kama mtoto ameshiba, kama amecheua, kama wamemfunga kile kitambaa cha kichwa, akapita akienda zake taratibu huku anaongea.

Nyuma yake Ngwali alibaki ameinama pale pale, kofia mkononi, akiingoja simu imwitikie marahaba.